Chini ya Kizingiti cha Haidar

Kitabu kilisema nyumba ya Haidar fundi milango ni nyumba ya Frimasoni, na mtaa ukakiamini kitabu.

Hakikuwa kitabu cha maana. Kurasa chache, jalada jekundu, karatasi ya kuacha wino vidoleni. Kiliitwa Alama Zao Milangoni Mwetu, na aliyekiandika alijiita Mwalimu Shuaibu, ingawa hakuna shule Bagamoyo wala Dar es Salaam iliyopata kumwona na chaki mkononi. Kiliuzwa elfu tatu kwenye kibanda cha vocha pale stendi, kikining'inia katikati ya chaja za simu na miwani ya jua. Asiyekuwa na elfu tatu hakukikosa. Watu walizipiga picha kurasa zake wakarushiana kwenye simu, mpaka wale wasiojua kusoma wakawa wanaelezwa na wale wasiojua kufikiri.

Sikuzani, mke wa Haidar, aliletewa kitabu hicho na binti yake Adila, aliyerudi shuleni na ushungi umekaa upande.

"Mama, huu si mlango wetu?"

Ulikuwa wao. Mbao za mninga, mabamba mawili na mfaa, ule mti wa kusimama, katikati, samaki chini, mnyororo ukizunguka fremu, ua kubwa juu. Haidar aliuchonga mwaka alioijenga nyumba, kabla Adila hajazaliwa. Kila mteja aliyefika alioneshwa mlango ule kwanza, ndipo wakaongea bei.

Kitabu kilisema samaki wale ni mashetani ya baharini. Mnyororo, kikasema, ni wa roho zilizofungwa. Ua la juu si ua bali jicho, na jicho hilo linatazama nyumba za majirani. Chini ya picha palikuwa na maneno yaliyokolezwa wino: "Mwenye mlango wa namna hii hutakiwa kutoa mtoto kila anapopandishwa daraja. Aliyetolewa hufukiwa chini ya kizingiti."

Sikuzani alisoma maneno hayo ya mwisho, akayarudia. Kisha akaketi sakafuni, palepale ukumbini, mgongo ukutani, akautazama mlango wake kwa ndani kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila hodi.

Maana chini ya kizingiti kile kweli palikuwa na kitu, na duniani walibaki watu wawili tu waliokijua. Mmoja ni yeye.

Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Iliharibika ikiwa changa, Haidar akiwa Pangani kwa kazi ya msikiti. Mama mkwe wake, marehemu Bi Hija, na mkunga Bi Sada walifanya kama wanawake wa pwani wanavyofanya: kitambaa cha bafta, udi, chungu kidogo chenye kifuniko. Mimba ambayo haijafikia kuswaliwa haipelekwi makaburini. Inazikwa nyumbani. Na kwa kuwa wakati ule fremu ilikuwa bado haijasimamishwa na udongo wa mlangoni uko wazi, Bi Hija alisema, "Huyu katoka kabla hajaingia. Mwekeni mlangoni, ili anayemfuata aione njia." Aliyefuata alikuwa Adila. Haidar aliporudi aliambiwa mimba imetoka, akasema inna lillahi, akamnunulia mkewe doti ya khanga. Hakuuliza imewekwa wapi. Mwanamume haulizi hayo, wala haambiwi.

"Mama, mbona umekaa chini?"

"Joto," alisema Sikuzani. "Nenda kavue nguo za shule."

Uchungu zaidi ni kwamba Shuaibu alikula kwao.

Alikuja Ijumaa moja baada ya swala, kanzu safi, kalamu mfukoni, akasema anaandika historia ya milango ya pwani. Haidar alifurahi kupita kiasi. Alimkalisha barazani, Sikuzani akapakua wali wa nazi na changu wa kupaka, na baada ya kula Haidar akasimama mbele ya mlango wake akaanza kumwonesha kwa kidole. Samaki ni uzazi. Mnyororo ni ulinzi wa nyumba. Alipofika kwenye ua la juu alicheka. "Hili, Mwalimu, maana yake hata mimi siijui. Baba alilichonga, nami nalichonga. Linajaza nafasi."

Sasa kitabu kilisema: "Fundi mwenyewe alikiri mbele ya mwandishi kuwa alama kuu haijui. Ndivyo walivyo. Wanaotumiwa hawaambiwi."

Haidar alipoyasoma hayo hakupiga kelele. Alikwenda kwenye karakana yake, kibanda cha makuti ubavuni mwa nyumba, akakaa juu ya gogo la mkongo na patasi mkononi, asichonge kitu. Sikuzani alimpelekea chai.

"Baba Adila, pana jambo la zamani nataka nikwambie."

"La zamani lisubiri, mke wangu. Haya ya leo yananitosha."

"Linahusu mlango."

"Usinitajie mlango!" alifoka, kisha akajuta. "Niache kidogo. Watu watachoka. Watu wa hapa wanachoka haraka."

Hawakuchoka.

Mwezi wa mvua kubwa, kabla kitabu hakijatoka, mtoto wa jirani yao Khamis alikufa kwa homa. Ausi, wa darasa la pili, kichwa kikubwa, mchokozi, aliyependa kuokota vumbi la mbao kwa Haidar akamwagie kuku. Haidar alikuwa wa kwanza kushika jeneza na wa mwisho kutoka makaburini. Katika mwezi huohuo hoteli moja ya ufukweni, njia ya Mbegani, ilimwagiza milango sita, ikampa malipo ya kianzio, naye akaezeka nyumba mabati mapya. Mambo hayo mawili yalikuwa yamelala mbalimbali, kila moja mahali pake, mpaka kitabu kikaja kuyafunga kamba moja.

Dalili ya kwanza ilikuwa sahani.

Kwa miaka yote, Sikuzani na Wahida, mke wa Khamis, walipelekeana vyakula. Leo kisamvu, kesho mkate wa kumimina. Na kila mtu anajua sahani ya jirani hairudi tupu. Ukikosa kabisa, weka hata limau. Jumatatu ile Wahida alizileta sahani zote za Sikuzani kwa mpigo, sita, zimeoshwa, zimepangwa, tupu. Aliziweka barazani bila kuvuka kizingiti.

"Wahida, ndiyo nini hii?"

"Sahani zako."

"Naziona. Nakuuliza wewe."

Wahida alikuwa amekonda tangu msiba. Alitazama ua lililo juu ya mlango, akateremsha macho haraka. "Mume wangu kasema tusile tena cha nyumba hii. Na mimi, mwenzangu, mwanangu alikula hapa. Alikula hapa Alhamisi, Ijumaa akashikwa na homa. Unataka nifikirie nini?"

"Ufikirie kuwa uliambiwa na daktari ni malaria."

"Daktari!" alisema Wahida, akaondoka.

Baada ya hapo yakaja mengine, madogo madogo, kama siafu. Vitumbua vya Sikuzani vililala kwenye ungo mpaka vikachacha. Mtoto mmoja alinunua kwa kusahau, mama yake akamfuata, akakitoa kitumbua mdomoni mwa mwanawe kwa kidole, akakitupa mtaroni, mwenye kukipika anaona. Msikitini Haidar alisimama safuni, waliokuwa kulia na kushoto wakahamia mbele. Meneja wa hoteli alipiga simu kusema milango isitishwe kwanza, "wageni hawana neno, Fundi, ila wafanyakazi wangu wanagoma kuipitisha." Shuleni walimwita Adila Jicho.

Mwenyekiti wa mtaa, Mwinshehe, mzee mwenye tumbo na maneno laini, alikuja na ushauri. "Fundi, tufanye kikao. Baada ya alasiri, hapa hapa barazani kwako. Uape, watu wasikie, yaishe."

"Niape kwa kosa gani?"

"La kuandikwa."

Walikuja wengi kuliko walioitwa. Wanaume walijaa mbele ya nyumba, wanawake wakasimama upande wa pili wa njia, khanga vichwani. Khamis alikuwa mbele, ndevu hazijanyolewa tangu matanga. Na pembeni yake, kanzu ileile safi, simu imeinuliwa ikirekodi, alisimama Mwalimu Shuaibu. Khamis ndiye aliyemwita.

Sikuzani alisimama gizani mwa ukumbi, nyuma ya bamba la mlango, akichungulia. Mwanamke hajitokezi kwenye kikao cha wanaume. Adila alikuwa kando yake, amemshika pindo.

Haidar alishika msahafu akaapa kuwa hajui Frimasoni, hajawaona, hajala chao, na Ausi alimpenda kama mwanawe. Wapo walioinamisha vichwa. Ingeweza kwisha hapo.

"Kuapa wanaapa wote," alisema Shuaibu kwa upole. "Sharti lao la kwanza ni kuapa uongo. Mimi simhukumu ndugu yangu Haidar. Nimekula kwake. Nasema tu kitabu kimetaja mahali. Mahali si hapo? Kipo kizingiti, lipo jembe. Mwenye nyumba safi ataogopa nini?"

"Kweli!" walisema watu.

Haidar alicheka kicheko cha mtu aliyechoka kudhulumiwa. "Ni hilo tu? Mngesema zamani. Nitakichimba mwenyewe, maana mninga huu hamwezi kuung'oa bila kuupasua. Na nikikuta hata mfupa wa kuku, nihamisheni mji. Wewe rekodi, Mwalimu. Rekodi vizuri."

Sikuzani alimsukuma Adila. "Mwambie baba yako aje ndani. Sasa hivi."

Adila alitoka, akanong'ona, akarudi. "Kasema usubiri, anamaliza."

Mtaimbo uligonga mara ya kwanza. Haidar alikuwa anakinyanyua kizingiti taratibu, kifundi, akitia kabari upande huu, kisha upande ule, asiumize mbao. Kilipoachia alikibeba kama mgonjwa akakilaza barazani. Udongo ukabaki wazi, mweusi, wa miaka. Akashika jembe.

Sikuzani akatoka. Hakuvaa buibui, hakuvaa hata viatu. Alikuja na khanga ya jikoni yenye masizi, akasimama juu ya ule udongo kwa miguu yake miwili.

"Weka jembe chini, Baba Adila."

"Sikuzani, rudi ndani."

"Hapa ilizikwa mimba yetu ya kwanza. Ulikuwa Pangani. Mama yako ndiye aliyeizika, yeye na Bi Sada. Niliharibikiwa, nikatokwa na damu siku mbili, na kilichotoka kikazikwa hapa kwa heshima yake. Si kafara. Ni tumbo langu."

Mwanamke kasema tumbo lake mbele ya wanaume, mbele ya mwenyekiti, mbele ya simu inayorekodi. Haidar alimtazama mkewe, mdomo wazi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulipata kuniuliza?"

Shuaibu alisogea na simu yake. "Mama, samahani. Ilikuwa ya miezi mingapi?"

"Wewe," alisema Sikuzani, "ulikula wali wangu ukalamba vidole."

"Nauliza kwa elimu tu. Na kwa nini mlangoni? Makaburi si yapo?"

"Anakithibitisha kitabu!" sauti ilitoka nyuma. "Kitabu kilisema, na yeye mwenyewe kasema!"

Khamis alilichukua jembe mikononi mwa Haidar. Haidar hakulishika wala hakuliachia. Lilichukuliwa tu, kama mtu anavyomwondolea aliyelala kitu. Wawili wakamvuta Sikuzani kando kwa mikono, wakimwita shemeji, shemeji, tuwie radhi shemeji. Na Khamis akachimba. Mikono iliyomzika Ausi wakati wa mvua ndiyo iliyokuwa inafukua mtoto wa mwenzake, kwa bidii, huku analia.

Jembe liligonga kifuniko kikapasuka. Chungu kikatolewa. Ndani yake palikuwa na kitambaa kilichogeuka rangi ya chai, na udongo. Hapakuwa na kitu ambacho mtu yeyote angeweza kukiita mtoto, na kwa hiyo kila mtu alikiita alichotaka.

"Zindiko!"

"Ni moyo ule!"

"Allahu akbar, tazama kitambaa cha sanda!"

"Bi Sada!" aliita Sikuzani. "Bi Sada, uko hapo, nakuona. Waambie!"

Watu walimpisha mkunga mzee. Alikuwa na fimbo na miwani iliyofungwa uzi. Alikitazama chungu, na alikijua; yeye ndiye aliyekinunua. Akawatazama wanaume, akaitazama na ile simu iliyokuwa sasa usoni pake.

"Mimi nimezalisha wengi," alisema. "Nimezeeka. Sikumbuki."

"Bi Sada!"

"Sikumbuki, mwanangu. Nisameheni."

Sikuzani akageuka kuwatazama wanawake waliosimama ng'ambo ya njia. Aliwajua mmoja mmoja. Hapakuwa na ua wa nyumba mtaa ule usio na chungu chake. Yuko wa chini ya bomba, yuko wa nyuma ya choo. Na wa Wahida alikuwa chini ya mndimu, uani kwa Khamis. Sikuzani mwenyewe alishika taa siku ile, na Wahida alimshika mkono akamwapisha asimwambie Khamis, maana Khamis alikuwa amemkataza kubeba maji ya kisimani naye alibeba. Ndimu za mti ule zilikuja mara ngapi juu ya sahani?

Neno moja lilitosha. Nendeni mkachimbe kwa Khamis. Wangekwenda, mbio, wakiwa na jembe na simu, na wangerudi wamenyamaza. Kitabu kingekufa siku hiyohiyo.

Wahida alijua. Alivuta khanga ikamfunika mdomo, macho yakamtoka, akatikisa kichwa kidogo sana. Hakusema kitu cha kumtetea mwenziwe. Aliomba tu atetewe yeye.

Sikuzani alinyamaza. Alijiponyoa mikononi mwa waliomshika, akainama, akakichukua kile kitambaa pamoja na udongo wake, akakitia kwenye khanga yake akafunga fundo. Chungu hakukipata. Chungu kilikuwa tayari kwapani kwa Shuaibu.

"Jamani, taratibu," alisema Mwinshehe mwenyekiti, na hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake yote siku hiyo. Maana Khamis alikuwa ameshachukua shoka karakanani kwa Haidar, lililonolewa asubuhi, na alianzia na lile ua la juu.

Wako Mkange sasa, walikokimbilia, kwa binamu yake Haidar, chumba kimoja na mlango wa bati. Siku ya kwanza, kabla hawajafungua mizigo, Haidar alimwomba mkewe lile fundo la khanga. Alichimba mwenyewe. Hakuna aliyemwambia achimbe wapi, naye alichimba mlangoni. Alisoma alichoweza kusoma, kisha akashindilia udongo kwa kiganja, muda mrefu, mpaka Sikuzani akamwambia basi.

Wahida alituma salamu kwa simu. Aliandika: nisamehe. Sikuzani hajajibu, hajafuta.

Hesabu ya yote hayo ni hii. Mlango mmoja wa mninga, uliokatwakatwa ukapikiwa chai ya watu wa kikao. Milango sita ya hoteli, iliyoliwa na mchwa ikiwa nusu. Kianzio, ambacho meneja anakidai na mabati hayawezi kukirudisha, kwa kuwa mabati yaliibwa nyumba ilipobaki tupu. Shule ya Adila. Anasema hataki tena kukaa mahali penye watoto. Kazi ya mikono ya Haidar: anatengeneza vigoda na mipini ya majembe, laini, bila nakshi hata moja, na mteja akimwomba aweke ua anasema hajui. Ausi hakurudi. Bi Sada haitwi tena kuzalisha, maana mkunga asiyekumbuka nani atamwamini.

Mtoto mmoja, amezikwa mara mbili.

Na Alama Zao Milangoni Mwetu kimepigwa chapa ya pili. Jalada lina picha ya chungu, kifuniko kimepasuka. Zamani kiliuzwa elfu tatu. Sasa ni elfu tano.